Kwa nini programu yangu inampa D mwanafunzi aliyepata alama 82?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanzania, na nyakati za jioni ninajifunza peke yangu Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nimeandika programu fupi ya kupanga madaraja kwa viwango vya mtihani wa Kidato cha Nne, lakini mwanafunzi mwenye 82 anapata D, mwenye 67 anapata D, na mwenye 12 anapata F. Kompyuta haitoi ujumbe wowote wa kosa. Mwalimu mwenzangu alinishauri niandike mipaka yote miwili ya kila daraja. Nilipofanya hivyo wengi walikaa sawa, ila mwanafunzi mwenye wastani wa 74.5 amepata F. Nimekosea wapi? Tena, orodha yangu ya waliofaulu vizuri inaleta darasa zima; kwa nini? Na zile nafasi nne mwanzoni mwa mistari, nadhani ni mapambo tu. Hatua yangu inayofuata ni kupanga divisheni.

Jibu: Ndugu Mwalimu, ninakushukuru kwa kunakili programu yako nzima pamoja na majibu iliyokupa, kwa sababu majibu hayo yanaonyesha kosa waziwazi kuliko maelezo yoyote. Ninairudia hapa ili tuisome pamoja:

```
alama = float(input("Andika alama: "))
if alama >= 75:
    daraja = "A"
if alama >= 65:
    daraja = "B"
if alama >= 45:
    daraja = "C"
if alama >= 30:
    daraja = "D"
else:
    daraja = "F"
print(daraja)
```

Viwango ulivyotumia ni sahihi: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Kila mstari, ukiusoma peke yake, unasema jambo la kweli. Kosa limo katika uhusiano wa mstari mmoja na mwingine, na ndiyo maana kompyuta haikulalamika.

Mfuate mwanafunzi mwenye 82 kwa kidole, mstari kwa mstari. Swali la kwanza linauliza kama alama zake zimefika 75. Zimefika, kwa hiyo kigeu (jina linaloshika thamani) kinachoitwa daraja kinashika herufi A. Wewe ulidhani kazi imekwisha hapo. Kompyuta haikudhani hivyo, kwa sababu kila neno if linaloanza upya ni swali jipya lisilojua kama lile lililotangulia limekwisha kujibiwa. Swali la pili linauliza kama 82 imefika 65, na jibu ni kweli, kwa hiyo A inafutwa na B inaandikwa mahali pake. La tatu linafuta B na kuandika C. La nne linafuta C na kuandika D, na hiyo D ndiyo inayochapishwa. Neno else nalo umeliandika kana kwamba ni la maswali yote manne, kumbe ni la lile la mwisho tu: linamshika kila aliye chini ya 30. Kwa hiyo programu yako, hata ikipewa darasa la namna gani, inaweza kutoa majibu mawili tu, D au F, na ndivyo ulivyoona.

Dawa yake ni neno elif, ambalo ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya «la sivyo, kama». Badilisha if ya pili, ya tatu na ya nne ziwe elif, na usiguse kitu kingine:

```
if alama >= 75:
    daraja = "A"
elif alama >= 65:
    daraja = "B"
elif alama >= 45:
    daraja = "C"
elif alama >= 30:
    daraja = "D"
else:
    daraja = "F"
```

Sasa mistari hii yote ni swali moja lenye majibu matano. Kompyuta inashuka kutoka juu, inasimama kwenye sharti la kwanza lililo kweli, inafanya kilichoandikwa chini yake, kisha inaruka yote yaliyobaki bila hata kuyasoma.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu mwanzoni wengi hubadilisha if kuwa elif kama mtu anayefuata masharti ya mganga, bila kuona kilichobadilika. Tazama mstari unaosema elif alama >= 65. Ukiusoma peke yake, unamruhusu hata mwenye 82. Lakini mwenye 82 hawezi kuufikia, kwani amekwisha kukamatwa mstari wa juu. Anayefika hapo ni yule tu ambaye tumeshajua kwamba hakufika 75. Maana kamili ya mstari huo, basi, ni «amefika 65 na hakufika 75», ingawa nusu ya maneno hayo haikuandikwa. Imebebwa na mahali mstari ulipokaa. Ninawasihi wanafunzi wangu wote wajizoeze kujiuliza, kwenye kila mstari wa sharti: programu ikifika hapa, imeshajua nini? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa kila mstari, kauli za masharti zitaacha kukushangaza.

Ndiyo sababu mpangilio una uzito. Ukiipindua ngazi hii, ukaanza na alama >= 30 huku ukitumia elif zote kwa usahihi, kila aliyefika 30 ataishia kwenye mstari wa kwanza na kupewa D; utakuwa umerudi ulikotoka kwa njia nyingine. Unaweza kuanzia chini ukitaka, lakini alama ya ulinganisho nayo lazima igeuke: if alama < 30 kwa F, elif alama < 45 kwa D, na kuendelea hadi juu.

Nije kwa ushauri wa mwenzako. Ulipoandika mipaka yote miwili, programu ilikuwa na mistari kama huu:

```
elif 65 <= alama <= 74:
    daraja = "B"
```

Python inakubali ulinganisho wa namna hii na kuuelewa kama tunavyouandika katika Hisabati. Si lugha zote zilizo hivyo: katika lugha ya C, mstari unaofanana na huo ungelinganisha kwanza 65 na alama, ukapata jibu la 1 au 0, kisha ukalinganisha jibu hilo na 74, na sharti lingekuwa kweli siku zote. Kwa Python hapana shida upande huo. Shida ni kwamba jedwali la madaraja tunalobandika ukutani limeandikwa kwa ajili ya namba nzima: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74. Kati ya 74 na 75 pana nafasi isiyo na mwenyewe. Kwa alama za mtihani mmoja nafasi hiyo haionekani, lakini wastani wa mitihani miwili unaweza kutoa 74.5, na mwanafunzi huyo anakataliwa na A kwa kuwa hakufika 75, anakataliwa na B kwa kuwa amepita 74, anakataliwa na C na D, kisha anaangukia kwenye else na kupewa F. Mtoto aliyekaribia daraja la juu kabisa anapewa la chini kabisa, na programu inatulia kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye 64.5 na mwenye 44.5 nao wangepatwa na jambo hilohilo.

Pengine utawaza kuondoa else ili kosa lijitokeze. Kwa mwanafunzi wa kwanza litajitokeza kweli, maana Python itasimama na kusema kwamba jina daraja halijulikani. Lakini ukishaiweka programu ndani ya kitanzi, yaani mistari inayorudiwa tena na tena, ili ipitie darasa zima, mwanafunzi wa 74.5 aliye katikati ya orodha atapewa daraja la mwanafunzi aliyemtangulia, kwa kuwa kigeu bado kinashika thamani ya mzunguko uliopita na hakuna mstari uliokibadilisha. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko F, kwa sababu F ya mtoto hodari ingekushtua, ilhali C ya kuazima haimshtui mtu. Kwa hiyo acha mpaka mmoja kwa kila daraja, kama katika ngazi niliyoiandika hapo juu. Mpaka wa chini wa A ndio huohuo mpaka wa juu wa B, na hapawezi kubaki ufa kati yao.

Kwa ngazi hiyo 74.5 inapata B. Kama utaratibu wa shule yenu ni kukadiria nusu kwenda juu, uamuzi huo ni wenu wala si wa kompyuta, na unapaswa kuandikwa wazi kabla ya swali la kwanza. Hapo kuna mtego ambao mwalimu wa Hisabati atauchukia: fanksheni ya Python iitwayo round, ikipewa namba iliyo katikati kabisa, inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa hiyo round(74.5) inatoa 74, ilhali round(75.5) inatoa 76. Utaratibu huo una sababu zake katika takwimu, lakini sio ule tunaowafundisha watoto ubaoni. Kwa alama ambazo si hasi, andika hivi:

```
alama = int(wastani + 0.5)
```

Hapo 74.5 inakuwa 75, na 74.4 inabaki 74.

Tukishatoka kwenye madaraja yenyewe, kuna jambo linalowahusu hasa watu wanaofikiri kwa Kiswahili, nami naliona mara kwa mara. Sauti ya -ki- katika lugha yetu hubeba maana mbili. Tunaposema «mvua ikinyesha tutaingia ndani», tunaweza kumaanisha «kama itanyesha», na vilevile «wakati wowote itakaponyesha», yaani tutaendelea kuiangalia. Neno if halina maana ya pili. Linauliza mara moja tu, pale programu inapolifikia, kisha halirudi nyuma. Ukipanga daraja kwanza, halafu mistari kumi baadaye ukaongeza alama za jaribio la darasani, daraja halitajibadilisha lenyewe. Ni lazima swali liulizwe tena. Anayetaka kompyuta iendelee kuangalia anahitaji kitanzi, na hilo ni somo jingine.

Neno «na» lina mtego wake pia. Mkuu wa shule akitangaza kwamba wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wabaki baada ya gwaride, tunaelewa kwamba ni makundi mawili. Ukilitafsiri tangazo hilo neno kwa neno, utaandika:

```
if kidato == 3 and kidato == 4:
```

Sharti hilo haliwezi kuwa kweli hata siku moja, kwa sababu linamwuliza mwanafunzi mmoja kama yumo katika vidato viwili kwa wakati uleule. Kompyuta inamhoji mmoja mmoja, na kwa mmoja mmoja swali sahihi ni «je, yuko cha tatu au cha nne?» Hapo panahitaji or. Lakini hata or ina masharti yake. Katika barua yako umeniuliza kwa nini orodha ya waliofaulu vizuri inaleta darasa zima. Mstari wenyewe ni huu:

```
if daraja == "A" or "B" or "C":
```

Kwa Kiswahili sentensi hiyo imekamilika, maana «kama daraja ni A au B au C» hakuna asiyeielewa. Python inaisoma kwa vipande: kipande cha kwanza ni daraja == "A", cha pili ni "B" peke yake, cha tatu ni "C" peke yake. Herufi iliyosimama peke yake, ikiwa si maandishi matupu, huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo sharti zima ni kweli kwa kila mtu, pamoja na wenye F. Andika hivi, na kila kitu kitakaa mahali pake:

```
if daraja in ("A", "B", "C"):
```

Kanuni hiyohiyo ya kuhesabu thamani kuwa kweli au si kweli ina upande wake wa pili, nao unaniumiza zaidi kwa sababu unawagusa wanafunzi dhaifu. Sifuri huhesabiwa kuwa si kweli. Ukiandika if alama: ukiwa na nia ya kuuliza «je, alama zake zipo?», mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata 0 atahesabiwa kuwa hakuwepo. Kupata sifuri na kutofanya mtihani ni mambo mawili tofauti, na mwalimu wa darasa atachukua hatua tofauti kwa kila moja. Kama unaandika X kwa asiyefanya mtihani, isome X hiyo kabla hujageuza maandishi kuwa namba:

```
jibu = input("Andika alama, au X: ")
if jibu == "X":
    daraja = "HAKUFANYA"
else:
    alama = float(jibu)
```

kisha ngazi ya madaraja ifuate ndani ya else hiyo. Umefanya vizuri kukumbuka float, inayogeuza maandishi kuwa namba, tangu mwanzo, kwani input hurudisha maandishi, hata mtu akibonyeza tarakimu tupu. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kama katika kamusi, na kwa kamusi hiyo "100" iko chini ya "75" kwa kuwa 1 hutangulia 7.

Ngazi yenyewe naona ianze kwa kuzuia alama zisizowezekana. Kidole kikiteleza na 82 ikawa 820, programu yako, hata baada ya kuwekewa elif, itatoa A bila wasiwasi. Sharti la if alama < 0 or alama > 100 likae juu ya mengine yote, chini yake uandike neno kama KAGUA, na hapo A ianze kwa elif. Likikaa chini ya mstari wa A halitafikiwa kamwe na ile 820, na utajua sababu ukijiuliza lile swali langu.

Kuhusu nafasi nne zilizo mwanzoni mwa mistari, ambazo ulidhani ni mapambo: katika Python hizo ni sarufi. Mstari ulioingia ndani unatawaliwa na sharti lililo juu yake, na uliotoka nje hautawaliwi. Lugha nyingine hutumia mabano kwa kazi hiyo, na mwaka 2014 kampuni ya Apple ililazimika kurekebisha haraka programu za simu na kompyuta zake kwa sababu mstari mmoja wa lugha ya C ulikuwa umerudiwa mara mbili chini ya if isiyo na mabano. Kwa macho mstari wa pili ulionekana umo ndani ya sharti. Kwa kompyuta ulikuwa nje, ukatekelezwa kila mara, na hatua muhimu ya kuhakiki usalama wa mawasiliano ikarukwa. Python hailiachii jambo hilo nafasi ya kudanganya macho, lakini nayo inakudai uwe makini: print yako ikiingia ndani ya else, ni wenye F tu watakaochapishwa.

Ukimaliza marekebisho, usijaribu kwa alama za katikati kama 82 na 50 tu, maana hizo hupita hata kwenye programu yenye kosa mipakani. Jaribu kwenye mipaka na jirani zake: 0, 29, 30, 44, 45, 64, 65, 74, 74.5, 75, 100, kisha -1 na 101. Andika majibu unayoyatarajia kwenye karatasi kabla ya kuiendesha programu, ili usije ukajishawishi baadaye kwamba kilichotoka ndicho ulichokitaka.

Umesema hatua yako inayofuata ni divisheni. Huko utakuta mwelekeo umegeuka: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, zinajumlishwa za masomo saba bora, na pointi chache ndizo nzuri. Divisheni ya kwanza ni 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Usinakili ngazi ya madaraja na kubadilisha namba tu; alama >= itakuharibia kila kitu, unahitaji <= ukianzia na 17:

```
if idadi_ya_masomo < 7:
    divisheni = "KAGUA"
elif pointi <= 17:
    divisheni = "I"
elif pointi <= 21:
    divisheni = "II"
elif pointi <= 25:
    divisheni = "III"
elif pointi <= 33:
    divisheni = "IV"
else:
    divisheni = "0"
```

Mstari wa kwanza usiuache hata kama shule yenu haina mwanafunzi wa masomo pungufu. Chukua mtahiniwa aliyeandikiwa masomo manne tu, yote akapata D: jumla yake ni pointi 16, na bila mstari huo programu ingemtangaza kuwa na divisheni ya kwanza. Mweke huyo katika majaribio yako, pamoja na wenye pointi 17, 18, 21, 22, 25, 26, 33 na 34.